Jino la Hakimu

Niliingia kizimbani mwenyewe. Hakuna aliyeniita na hakuna aliyenishika mkono. Ilikuwa siku ya mahakama, ukumbi umejaa watu wa shauri la mbuzi, na mimi nilikuwa nimesimama barazani tangu ukungu haujaondoka, Sabina mgongoni, nikimsubiri Hakimu. Nilitaka neno moja tu: kama leo atamwita Katibu Kata aje aeleze kwa nini mume wangu anawekwa kwenye ghala la ushirika kama gunia la mahindi. Hakimu alipofika mlangoni nilimzuia njia. Akaweka kiganja shavuni, akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Mama Sabina, sheria ni kama ulezi. Ukiuvuna mbichi, unakula makapi. Nenda nyumbani, subiri."

Subira yangu ilikatika pale. Ilikatika kama kamba ya ndoo kisimani: huoni kitu, unasikia tu mkono umekuwa mwepesi. Nikapita katikati ya watu, nikaingia kwenye kile kizimba cha mbao, nikamfungua Sabina mgongoni, nikampa ziwa.

"We mama, hujaitwa," karani akasema.

"Najua. Nimejileta. Mume wangu mmeshindwa kumleta hapa, basi nishtakini mimi. Kosa mtalitafuta, vitabu mnavyo."

Watu wakacheka. Hakimu alipovua miwani wakanyamaza.

"Unaidharau mahakama, mama."

"Ndiyo. Waandike hivyo. Anayedharau mahakama anafanywaje?"

"Anaweza kufungwa."

"Na nani?"

"Na hakimu."

"Mtu mwingine yeyote hawezi?"

Akatazama dirishani. "Na hakimu," akarudia. "Akishasikilizwa."

"Basi nisikilize."

Akaahirisha. Alisimama, akatangaza kwamba shauri la mbuzi litaendelea wiki ijayo, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikabaki kizimbani na mtoto anayenyonya, na mwenye mbuzi akinitukana kwa Kifipa kwa kumcheleweshea mbuzi wake.

Hakimu huyo ndiye mtu ninayetaka kumwandika. Jina lake silitaji. Jina halijanikosea, kilichonikosea ni kiti alichokalia.

Nimemjua tangu niko shule ya msingi. Alipanga nyumba ya bati karibu na kwetu, na asubuhi akienda mahakamani alipita mbele ya ua wetu, shati jeupe, suruali ya kaki yenye mkunjo uliopigwa pasi ya mkaa mpaka ungeweza kukata nao mkate. Alikuwa mtu safi. Alichonga penseli za watoto wote wa njia ile kwa wembe aliouweka katika mfuko wa shati, na hakuna penseli iliyowahi kuvunjika mkononi mwake. Mama yangu akimwona tu anapita alikuwa anatuambia, "Mnamwona yule? Hali kuku wa mtu."

Ilikuwa kweli, na mimi sitamwibia sifa yake. Mtu mwenye kesi akimpelekea kuku, kuku alirudi. Akimpelekea papai, papai lilirudi, na aliyelipeleka alionywa mbele ya watu. Siku moja mkwe wake mwenyewe aliletwa kwa wizi wa majembe ya kijiji; akamkabidhi shauri hilo hakimu wa mahakama nyingine, yule mkwe akafungwa, na Hakimu akaendelea kupita mbele ya ua wetu na mkunjo wake wa suruali. Mwenye duka mmoja wa mjini, tajiri wa magari, alipatikana na mizani iliyochezewa. Alikuja na maneno mengi na binamu wengi, akatozwa faini kama mtu yeyote. Watu walipiga vigelegele. Nami nilipiga.

Sasa ninasema hivi: heri angekula kuku. Mla kuku ana bei, na mwenye bei unajua uanzie wapi. Huyu alikuwa msafi kuanzia viatu hadi kofia, na usafi wake wote ulikuwa wa kumtoza faini muuza duka. Mbele ya mwenye mamlaka alikuwa na jino.

Jino hilo lilijulikana kata nzima. Lilikuwa la nyuma, upande wa kushoto, na lilimuuma kwa mpango. Kesi ya mke na mume, halimuumi. Kesi ya mpaka wa shamba, halimuumi. Ikiingia kesi yenye harufu ya ofisi ya kata ndani yake, kiganja kinapanda shavuni. Mzee mmoja aliwahi kulalamika kwamba mgambo walimchukulia mbuzi kwa ajili ya mapokezi ya mgeni, bila kumuuliza. Jino likauma. Shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena, mpaka mbuzi akawa ameshaliwa, na mgeni akasahau hata alikula wapi. Mwishowe Hakimu alikwenda hospitali mjini akang'olewa jino. Akarudi na pengo, na wiki hiyohiyo kiganja kikapanda shavuni. Mmoja wa wazee washauri wanaokaa naye barazani kusikiliza mashauri, mzee mcheshi asiyeogopa sana kwa sababu hana cha kunyang'anywa, akasema, "Basi walikosea kung'oa. Linalomuuma ni ulimi."

Kuna jambo moja la kazi yake ambalo nililipenda, na kwa sababu nililipenda linaniudhi zaidi. Watu wawili wakigombania mpaka, Hakimu hakuamua akiwa kitini. Alikwenda shambani, akavua viatu na soksi, akavipanga vizuri kwenye jiwe, akatembea peku na wote wawili wakimfuata. Alisema mpaka wa zamani hauonekani kwa macho, unasikika kwa nyayo: pale jembe la babu lilipokuwa linageuka, udongo unabaki na kishingo chake, kinundu kidogo, hata miaka ikipita. Alitembea polepole kama kuku anayetafuta pa kutaga, kisha akasimama. "Ni hapa." Na ilikuwa hapo, wazee walitikisa vichwa. Mtu huyo mwenye nyayo za namna hiyo, anayesikia pale shamba la mmoja linapokoma na la mwingine linapoanza, hakuwahi kusikia pale Katibu Kata anapokoma. Au alisikia. Naamini alisikia, na akavaa viatu haraka.

Nasema hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kwamba pana mahali pa kukoma. Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu mkuu alimwalika aje kutufundisha uraia, akaja na shati lake jeupe, akauliza, "Ni nani mkubwa kuliko serikali?"

"Mungu!" darasa zima, watoto wa katekisimu.

"Nauliza hapa chini."

"Chama!" akasema mmoja wa nyuma, mtoto mjanja.

Hakimu akatabasamu. Akachora duara ubaoni, akaliita serikali. Akasema serikali ina nguvu ndani ya duara lile, na nje ya duara haina nguvu hata ya kumwamuru kuku. Akasema hata Mkuu wa Wilaya akimkamata mtu amepewa muda wake, na muda ukiisha amlete mahakamani au amwachie. Wadogo walio chini yake hawana hata huo muda. "Mtu hafungwi kwa sababu mkubwa amekasirika," alisema. "Anafungwa kwa sababu mahakama imemsikiliza." Nilirudi nyumbani nikamweleza mama duara lote, nikilichora kwa kijiti karibu na mafiga, mpaka akaniambia nichote maji kwanza.

Nilibeba duara lile mpaka sekondari. Wenzangu walikariri mito na milima. Mimi nilijua kwamba nyumbani kwetu kuna mtu anayeilinda mistari. Nikamaliza kidato cha nne, nikaolewa na mkulima, kwa hiari yangu, kwa wale wanaouliza. Na bado nilikuwa ninampa Hakimu shikamoo kwa magoti yote mawili.

Halafu tukahamishwa.

Sitaandika habari yote ya kuhamishwa, kila mtu ana yake. Kiangazi walikuja na gari, wakatuambia tuvunje, tupakie, twende kijiji kipya kando ya barabara, tukae kwa mistari. Tukakaa kwa mistari. Shule ilikuwa karibu, kweli. Zahanati iliahidiwa. Lakini matuta yetu yalibaki kule nyuma, kwenye mahame.

Mfipa hafyeki na kuchoma tu akaenda zake. Mvua zinapoelekea kwisha, analima nyasi anazifukia ndani ya matuta makubwa ya duara, yanafika kiunoni kwa mtoto. Sisi tunayaita intumba. Nyasi zinaoza humo kiangazi chote. Mvua mpya ikianza, unayapasua, unausambaza udongo mweusi, unasia ulezi. Asiyepasua tuta lake ni sawa na mtu aliyepika akafunika chungu akahama. Mume wangu alikuwa ameyajenga matuta yale yote kwa mgongo wake kabla hatujajua kwamba kuna gari linakuja. Mvua ya kwanza ilipopiga alikaa mlangoni mwa kibanda kipya akisikiliza. Asubuhi akachukua jembe. Mimi nikachukua mbegu kwenye ungo, na Sabina mgongoni, tukaenda mahame. Ndiyo, ilikuwa marufuku kurudi. Tulijua. Tulidhani tutasia ulezi na kurudi kijijini jioni kama watu wanaotoka kwenye kuni.

Katibu Kata alitukuta huko. Alikuwa mgeni katika nchi yetu, ametoka mkoa ambako watu hulima migomba, na alikuwa na hofu moja tu kichwani: kwamba watu wanaficha mahindi. Alikuja na mgambo, na alimchukua Hakimu ili awepo mtu wa sheria. Akasimama kati ya matuta yale akiyatazama kama mtu aliyefika makaburini.

"Umefukia nini humu?"

"Nyasi, ndugu Katibu," mume wangu akasema.

"Nyasi! Ng'ombe wako wanakula chini ya ardhi?"

"Ndiyo mbolea yetu, ndugu Katibu."

"Mbolea tumewaletea kwenye magunia." Akawageukia mgambo. "Fukua."

Mgambo walikuwa vijana wetu, wote wamekula ulezi wa matuta kama hayo tangu wanaota meno. Mmoja alinitazama mimi, akatazama jembe lake, akafukua. Tuta la kwanza: nyasi zilizooza, nyeusi, zinafuka mvuke. La pili, nyasi. Nikafikiri sasa ataelewa. Lakini Katibu alichutama, akachukua udongo ule mkononi, akaunusa, akasema kwa furaha ya mtu aliyekamata mwizi, "Wameshayahamisha. Mahindi yalikuwa humu. Yamehamishwa."

Ukikuta mahindi, umeficha. Usipoyakuta, umeyahamisha. Hakuna tuta lenye jibu la tatu.

Kisha akamgeukia Hakimu, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kwenye nyasi zile. Hakumtisha wala kumfokea. Alimuuliza kwa heshima kabisa: "Mheshimiwa, wewe ni mwenyeji. Hiki ni kilimo kweli?"

Neno moja lilitakiwa. Hakuhitaji katiba wala ujasiri mkubwa. Ni kusema tu, ndiyo, hiki ni kilimo, mama yangu alinilea nacho.

Kiganja kikapanda shavuni. "Mambo ya kilimo," akasema, "aulizwe bwana shamba."

Wakamchukua mume wangu. Ungo wa mbegu ulimwagika, na sikumbuki kama ni mimi niliyeuangusha.

Ghala la ushirika lina dirisha dogo lenye nondo, juu, na ndani kuna vumbi la dawa ya kuhifadhia mahindi. Nilimpelekea uji, nikaupitisha kwa mgambo mlangoni. Mume wangu alikuwa anakohoa na ananiuliza mvua. Hakuniuliza atatoka lini. "Imenyesha upande wa kule?" Kila nikifika. Alikuwa anahesabu msimu kupitia ukuta, maana ulezi una wakati wake, ukipita umepita.

Nikaenda kwa Hakimu nyumbani. Nilimpa shikamoo, ya mwisho. Nikamwambia nataka kumshtaki Katibu Kata kwa kumfungia mtu bila haki, na kwamba hilo ni kosa, na kwamba yeye ndiye aliyenifundisha.

"Nimesikia," akasema.

"Utafungua shauri?"

"Nimesikia, mama Sabina."

"Ana ruhusa ya kumfungia mtu?"

"Kisheria?" Akaangalia mlango. "Kisheria, hana."

"Basi mwite mahakamani."

Akaanza kuongea Kifipa. Huo ulikuwa mtindo wake. Akikupa kitu alikupa kwa Kiswahili, akikunyima alihamia Kifipa, ili unyimwe kama mtoto wa nyumbani. Akaniambia upepo ni mkali, mti mkavu huvunjika, nyasi huinama. Nikamjibu kwa Kiswahili. Nikamuuliza, katiba ya nchi haisemi kitu? Hapo akachangamka, maana alipenda vitabu. Akaniambia katiba inasema mambo mazuri sana kuhusu haki na utu wa mtu, lakini mambo hayo yamewekwa kwenye utangulizi. "Na utangulizi, mama, haupelekwi mahakamani. Ni nia njema."

"Kwa hiyo ni kama sala ya kabla ya chakula," nikasema, "na chakula chenyewe hakuna."

Alicheka! Aliipenda sentensi ile. Akasema nina akili, ilikuwa hasara kwamba sikuendelea na masomo. Nikatoka bila kuaga.

Na ili nisiseme uongo, jioni hiyohiyo alikwenda ghalani na blanketi lake mwenyewe, zito, la sufu. Mgambo walimfungulia, maana ni mkubwa. Alisimama mlangoni akamuuliza mume wangu kama anahitaji kitu.

"Nahitaji kutoka, mzee."

"Hili ni zito," Hakimu akasema, "litakufaa na baridi hii." Akalikunja vizuri juu ya magunia, akaondoka, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mama yangu aliposikia alilia. "Unaona moyo wa mtu yule?" Nikamwambia ndiyo, nauona, na ni moyo mwema, na siutaki. Mlango ulikuwa wazi, yeye amesimama ndani yake, na sheria anayo kichwani. Akatoa blanketi. Kufuli inataka watu wa namna hiyo kuliko inavyotaka mgambo.

Tuligombana na mama kwa sababu yake, hatukusemezana kwa muda. Mama anasema angefanya nini, wangemhamisha, wangemfukuza, ana watoto wanasoma. Najua ana watoto. Na mimi ninaye, huyu hapa.

Kizimba nimeshakieleza. Baada ya kizimba habari zilitembea; watu walianza kupita karibu na ghala kwa makusudi, wanawake hasa, wanasimama, wanasalimia kwa sauti kupitia dirishani, "Baba Sabina, umeamkaje humo?" Katibu Kata hakupenda salamu zile. Mchana mmoja mlango ukafunguliwa. Mume wangu akauliza kosa lake limeamuliwa vipi.

"Kosa gani?" Katibu akasema, akicheka. "Nani amekufunga? Ulikuwa unatusaidia kulinda ghala." Halafu hakucheka. "Ila ukionekana mahame tena, safari hii utakwenda mbali, na mkeo hatapata mlango wa kupelekea uji."

Ndivyo alivyotoka. Wakati wa kusia ulezi ulikuwa umekwisha. Mvua ilikuwa imeyabomoa matuta yenyewe, udongo mweusi umeshuka bondeni bure. Mume wangu bado anakohoa. Akisikia gari barabarani anaacha kula. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alifungwa, kwa hiyo hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliachiwa, kwa hiyo wanaweza kuja kesho kama vile hawajawahi kuja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, zaidi ya njaa ya mwakani.

Ikasemekana tume ya kupokea malalamiko ya wananchi imefika Sumbawanga, inasikiliza kila mwenye neno juu ya kiongozi. Wanawake wa mstari wetu wakaniambia, nenda, kamshtaki Katibu Kata. Nikapanda lori la mahindi nikaenda.

Nilikaa kwenye kibaraza cha duka moja pale mjini, mwenye duka amenikopesha kalamu na amempa Sabina kipande cha sukari guru. Nilikuwa naandika juu ya goti. Kivuli kikaniangukia. Shati jeupe.

"Hujambo, mama Sabina."

"Sijambo." Shikamoo sikumpa. Alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri chenji, kisha akaketi kibarazani pembeni yangu, akatandaza kitambaa kwanza ili asichafue suruali.

"Unamwandikia nani?"

"Tume."

"Juu ya Katibu?"

"Juu yako."

Mwenye duka aliacha kupima mafuta. Hakimu akatoa miwani, akanyoosha mkono. Nikampa barua. Nilitaka aisome nikiwa ninamtazama usoni. Aliisoma yote, taratibu, midomo ikicheza. Kisha akaomba kalamu.

"Hapa umeandika 'alinidharau'. Watakuuliza alisema neno gani la dharau, nawe huna. Andika alichofanya. 'Alikataa kupokea shtaka langu.' Hilo ni kosa la kazi. Linashika." Akaendelea kushuka. "Hapa weka nani alikuwepo. Wataje mgambo kwa kazi yao. Na hii habari ya blanketi iondoe, inanisaidia mimi."

"Unanisaidia nikushtaki?"

"Ukipeleka barua mbovu wataitupa. Ni haki yako kulalamika, na lalamiko liwe sahihi."

Jamani. Nilitaka kumpiga kwa ungo uliokuwa pale mlangoni pa duka. Mwenye duka mwenyewe alikuwa amefungua mdomo. Ni mtu wa namna gani huyu, anayenoa kisu cha kumchinjia yeye kwa uangalifu uleule aliochonga penseli zetu, na hawezi kusema neno 'ndiyo' mbele ya tuta la nyasi?

"Watakuhamisha," nikamwambia.

"Labda Kirando, kule ziwani." Akafikiri. "Dagaa watakuwa wengi."

"Huogopi?"

Hapo alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Kila siku," akasema, kwa Kiswahili. Kisha akaonyesha neno moja karibu na mwisho. "Hili nalo ungelifuta. Umeandika 'aliogopa'. Kuogopa si kosa kisheria. Tume haichunguzi moyo."

"Hilo nitaliacha."

"Litaidhoofisha barua."

"Liache, mzee."

Akanirudishia karatasi na kalamu, akakunja kitambaa chake, akamsalimia mwenye duka, akaenda zake upande wa mahakama ya wilaya, akikwepa madimbwi. Nikaiandika upya, kwa kuwa alikuwa sahihi katika yale mengine yote, na kwa hilo nalo nimemchukia. Niliikabidhi mwenyewe mezani kwa karani wa tume, akaipiga mhuri mbele yangu. Ilikuwa hivi:

Kwa Tume. Mimi ni mwananchi, mke wa mkulima, mama wa mtoto mmoja. Ninamlalamikia Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ya kata yetu.

Mume wangu alifungiwa katika ghala la ushirika kwa amri ya Katibu Kata, mbele ya mgambo na mbele ya Hakimu huyo. Hakufikishwa mahakamani. Hakusomewa kosa. Nilimwendea Hakimu kumshtaki Katibu Kata kwa kumfungia mtu bila haki. Hakimu alikataa kupokea shtaka langu. Niliingia mahakamani siku ya mashauri nikaomba kusikilizwa. Aliahirisha akatoka.

Mtaniuliza kwa nini simlalamikii Katibu Kata. Katibu Kata hajui tuta wala sheria, na alikwenda mpaka pale alipoachwa aende. Aliyewekwa na nchi amwambie "hapa mwisho" ni Hakimu. Alijua, na aliniambia kwa mdomo wake kwamba anajua. Aliogopa. Kama mwenye kazi ya kusema "hapa mwisho" anaruhusiwa kuogopa, basi mtuambie sisi wakulima, ili tusiwafundishe watoto kwamba mwisho upo.

Siombi afukuzwe. Siombi fidia ya ulezi. Mume wangu ametishwa kwamba atachukuliwa tena, na ninaomba jambo moja kabla hilo halijatokea. Hakimu aulizwe na Tume, mbele ya wanakijiji: Je, Katibu Kata ana ruhusa ya kumfungia mtu ghalani? Asijibu kwa mfano wala kwa methali, na asiahirishe. Ajibu ndiyo au hapana, aandike kwa mkono wake, atie sahihi. Karatasi hiyo ipigiliwe misumari kwenye mlango wa ghala, kwa urefu ambao anayefunga kufuli ataisoma.